Nilijua Neno kwa Lugha Saba, Jina Lake Sikulijua

Leo hakuna video. Najua mmezoea kuniona sekunde sitini kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake, lakini hii stori haitoshei kwa sekunde sitini. Na kusema ukweli, ni hizo sekunde sitini zilizonitia kwa hii shida. Kwa hivyo leo mtasoma. Tafuta chai, keti.

Walionifuata kitambo wanajua ile sehemu yangu ya maneno. Nachukua neno moja, nalizungusha Ulaya yote, halafu nalirudisha nyumbani. Nilifanya "chai". Nikafanya "nanasi", mkashtuka kwamba nusu ya Ulaya inasema karibu vile tunavyosema sisi. Zilikuwa fiti, hazikuumiza mtu.

Halafu ikafika mwezi wa sita. Tarehe 13 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwishoni mwa 2014 na ikaanza kuadhimishwa 2015. Niliiona kwa simu asubuhi nikiwa ndani ya matatu hapo Ngong Road, jam imesimama kama kawaida, nikasema: mada imejileta yenyewe. Kufika jioni video ilikuwa tayari.

Ilikuwa hivi. Kireno: albino. Kihispania: albino. Kiitaliano: albino. Kiingereza: albino. Kijerumani: Albino, kwa herufi kubwa, maana Wajerumani hawana mchezo na nomino. Kifaransa: albinos, na hiyo "s" inabaki hata kama ni mtu mmoja tu. Kiaislandi wana neno lao wenyewe, hvítingi, yaani mweupe. Halafu nikasimama, nikavuta pumzi, nikatoa macho, nikasema: "Na sisi Waswahili?" Biti ikaingia. Nikalirudia lile neno letu la kamusi mara nne nikicheza mabega. Mnalijua. Linaanza na z na limejirudia lenyewe. Lilikaa kwa biti vizuri kweli, siwezi kudanganya.

Video ilipasuka. Kwa siku mbili ilipita kila kitu nilichowahi kufanya. Watu wakaanza kutagi marafiki zao: "wewe huyu", "ona umeimbiwa". Wengine wakachukua ile sauti wakatengeneza zao. Kuna mmoja aliandika neno moja tu, "dili", akaweka na emoji ya pesa. Sikumuelewa. Nikampa moyo mwekundu, kwa sababu nilikuwa nampa kila mtu moyo mwekundu.

Siku ya tatu nikapata ujumbe kutoka kwa namba ambayo sikuwa nimeihifadhi. Ulikuwa na tarakimu mbili pekee: 54.

Mimi, mtoto wa Nairobi, nilidhani ni namba ya matatu. Nikajibu, "Ya kuenda wapi?"

Akajibu, "Katiba. Ibara ya 54. Soma halafu unipigie."

Nikaisoma. Ni katiba yetu hii ya 2010, ile tunaringa nayo tukibishana na polisi. Ibara ya 54 inahusu watu wenye ulemavu, na jambo la kwanza kabisa inalosema, kabla ya shule, kabla ya usafiri, kabla ya kazi, ni kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Nilirudia kusoma. Watu waliketi wakaandika sheria kuu ya nchi, na wakaona ni lazima waandike kuhusu *kuitwa*. Si kwa bahati mbaya. Mtu haweki kitu kama hicho kwa katiba kama hakijawahi kumkera mtu.

Nikapiga. Sauti ilipoingia nikaijua hata kabla ajitambulishe.

Ni msee tulikua naye Jamhuri. Si rafiki wa kupitia tu. Tulicheza mpira kiwanja kimoja kutoka darasa la tatu mpaka la nane. Alikuwa golikipa jioni tu, jua likishaanza kulala, kwa sababu mchana macho yalikuwa yanamsumbua. Sisi tulidhani ni maringo. Mathe wake alikuwa anatoka na kofia, anaita kutoka kwa geti, na sisi tunaicheka ile kofia. Ana ualbino. Na sisi kwa ile timu tulikuwa tunamuita Mzungu. Kila siku. "Mzungu, daka!" "Mzungu, toka goli!"

Hakuanza kwa kunitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alianza kwa kuniambia vile siku zake mbili zilivyokuwa. Anashuka steji, anatembea kuelekea kwao, na watoto wa ploti wanamfuata wakiimba. Si wimbo wa kanisani. Wanaimba sauti yangu. Na biti yake, wanaipiga na midomo. Mabega pia wanacheza. Mtoto wa jirani, wa miaka mitano hivi, ambaye yeye huwa anamsaidia na hesabu, ndiye alikuwa mbele ya wengine.

Nikaanza kujitetea. Naomba msinicheke, nyinyi pia mngefanya hivyo. Nikamwambia, buda, ile video ilikuwa ya lugha. Nikamwambia kwamba "albino" inatoka kwa Kilatini *albus*, nyeupe, hakuna tusi hapo. Nikamwambia kwamba "albamu", ile ya picha, ni ndugu ya neno hilohilo, kwa sababu Warumi walikuwa na ubao mweupe wa kuandikia matangazo. Nikamwambia kwamba Italia Albino ni jina la mtu, jina la ubatizo, na kwamba yule Papa wa 1978, Yohane Paulo wa Kwanza, aliyekaa siku 33 tu, alizaliwa akiitwa Albino Luciani. Nikafikiri hiyo ya Papa itammaliza.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Maze, Kilatini hakinifuati Ngong Road. Ni watoi wananifuata."

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama naweza kuja tuongee. Akasema nije Jumamosi, lakini nisije na kamera.

Kabla ya Jumamosi nilifuta video. Najua wengine mliuliza imeenda wapi, sasa mnajua. Lakini kufuta ni kama kufunga geti mbuzi ameshatoka. Ile sauti ilikuwa kwa simu za watu ambao siwajui na kwa video ambazo si zangu. Mpaka leo iko huko. Hilo ndilo naomba kila mtu anayetengeneza vitu aliweke akilini: unaweza kutoa chako, huwezi kutoa walichochukua.

Na kwa sababu nilikuwa na siku tatu za kuona aibu, nikafanya kile ningefanya kabla ya kurekodi. Nikafuatilia hilo neno kwa makini. Sasa wacha niwape hiyo safari upya, kwa sababu ile ya kwanza niliwapa maneno bila watu.

Hilo "albino" ambalo Ulaya nzima inalo, Wareno ndio walilianzisha kwa maana hii. Na hawakulianzishia Lisbon wakimtazama jirani yao. Walilitumia kwa watu weupe waliowaona kati ya watu weusi pwani ya Afrika Magharibi. Yaani ni neno la Ulaya lililozaliwa hapa kwetu. Ni mgeni ameshuka meli, ameona mtu, amesema "kaweupe". Hakuuliza mtu huyo anaitwa nani wala kwao wanasemaje. Neno likapanda meli likarudi Ulaya, likaenea lugha zote mnazoziona, na miaka mia kadhaa baadaye mimi nikalipokea kwa simu nikaliona ni la kisayansi.

Mwaka 1744, mtoto mmoja wa Kiafrika mwenye ualbino alipelekwa Paris na kuonyeshwa watu. Wasomi wakubwa walienda kumtazama. Voltaire, yule mwanafalsafa ambaye hutajwa kila penye mjadala wa uhuru wa kusema, aliandika kumhusu. Maupertuis, mwanasayansi, naye akaandika. Kichwa cha maandishi ya Voltaire kinamuita *Maure blanc*, Mwafrika mweupe. Voltaire alimwandika kama mtu wa jamii nyingine ya binadamu, tofauti na wengine wote. Mtoto mdogo, mbali na kwao, anageuzwageuzwa na wazee wenye wigi.

Nikisoma hiyo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Wiki ya maonyesho pale Jamhuri Park. Mkiwa watoto wa Jamhuri, maonyesho ni sikukuu yenu: ng'ombe, trekta, peremende, shule kutoka kila kona ya nchi. Tulienda kundi zima. Kufika karibu na zizi la ng'ombe, watu wakaacha kutazama ng'ombe wakaanza kumtazama yeye. Mama mmoja alimshika nywele bila kumuuliza. Mwingine akamfinya mkono, alafu akatazama kidole chake kama rangi imetoka. Sisi tukacheka. Mimi nilicheka. Nilikuwa hapo nimeshika soda.

Na hapo kwa Wajerumani, ambao niliwasifu kwa herufi kubwa: karne ya 18 na ya 19 walikuwa pia na neno lingine kwa watu wenye ualbino. Kakerlak. Tafsiri yake ni mende. Mantiki yao ilikuwa kwamba mende hukimbia mwanga, na mtu mwenye ualbino macho yake huumizwa na mwanga mkali. Wanasayansi waliliandika hivyohivyo kwa vitabu vyao bila kupepesa. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa kuitana mende kunaishia wapi. Rwanda 1994 walitumia neno hilohilo, *inyenzi*, kwenye redio.

Hiyo ndiyo stori ya Ulaya. Sasa turudi nyumbani, maana ni rahisi kuwacheka Wajerumani.

Kuna wale wataniambia: lakini neno letu liko kwenye kamusi. Ni Kiswahili sanifu. Kweli liko. Nakumbuka hata kwa darasa tulifundishwa wingi wake, tukaweka "ma-" mbele, kama machungwa, kama mawe. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu wangu wa Kiswahili, ambaye nampenda sana, alikuwa anasema wanadamu wote wako kwa ngeli ya A-WA. Kisarufi ni sawa. Lakini angalia umbo la maneno tuliyowapa watu fulani: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Ki-, ki-, ki-, ki-. Kama kiti, kama kijiko. Najua mtanijibu kwamba kijana na kiongozi pia ni ki-, na ni kweli, kwa hivyo sitasema kwamba ki- ni tusi. Nasema tu kwamba kwa haya maneno manne, mtu mwenyewe hayupo. Kuna hali tu, imetembea, imekuja, imekaa.

Sasa angalia "mtu mwenye ualbino". Ni ndefu. Haikai kwa biti, nimejaribu. Lakini vunja hayo maneno vile tulikuwa tunavunja kwa mtihani. "Mtu" anakuja kwanza. "Mwenye", ana kitu. "U-albino", u- ile ya utoto, ya urefu, ya ujirani: hali. Mtu ana hali. Hali haina mtu. Kule Tanzania chama chao kilibadilisha jina kwa sababu hiyo: kilikuwa Chama cha Albino Tanzania, sasa ni Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania. Kuna watu waliketi kwa mkutano wakakubaliana kubadilisha mihuri, barua na bango la mlangoni ili neno "watu" lipate kuingia. Unadhani walikuwa wamekosa kazi?

Na hiyo hali yenyewe si muujiza wala laana. Ni melanini, ile rangi mwili hutengeneza. Ukirithi kutoka kwa mama na kutoka kwa baba ile jeni yenye hitilafu, mwili wako unatengeneza kidogo sana ama hautengenezi kabisa. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi kabisa na wawe wanaibeba bila kujua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Ndiyo maana ule upuzi wa "mama alienda wapi" ni upuzi. Macho huwa hayaoni mbali vizuri kwa sababu melanini inahitajika pia jicho likiumbika. Na ngozi haina kinga dhidi ya jua, na saratani ya ngozi ndiyo inaua watu wengi wenye ualbino Afrika. Ile kofia ya mathe wake tuliyokuwa tunaicheka ilikuwa inamweka hai.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Wote wanaweza kuketi kwa jukwaa la Kasarani na viti vibaki. Ukiwa mmoja kati ya wachache hivyo, kila neno la mtaani linakuangukia wewe peke yako. Halina mtu mwingine wa kumgonga.

Sasa ile "dili". Jumamosi nilimuonyesha ile komenti, ile niliyoipa moyo. Alitazama simu karibu sana na uso, vile yeye huwa anatazama, kisha akanirudishia. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikasema hapana.

Kule Tanzania, tangu miaka ya 2000 katikati, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo, kwa sababu kuna walioamini viungo hivyo vinaleta utajiri. Watoto pia. Na mitaani wakaanza kuitwa "dili". Yaani ukipita, mtu anasema kwa sauti, "dili hilo linapita." Pesa inapita. Kenya pia kuna familia ziliishi na hiyo hofu, hasa karibu na mpaka. Mathe wake alikuwa akienda kumchukua shuleni kila siku mpaka darasa la nane, na sisi tulikuwa tunamuita mtoto wa mama.

Fikirieni hilo neno. "Dili" halina chochote kibaya kwa asili yake. Limetoka kwa Kiingereza, maana yake ni mapatano ya biashara. Sisi wote tunalitumia: "nimepata dili." Hakuna kamusi itakayoandika kwamba ni tusi. Na ndilo neno baya kuliko yote niliyowaandikia leo, kuliko hata ile mende. Hapo ndipo utetezi wangu wa Kilatini uliporomoka kabisa. Nilikuwa natafuta kama neno ni safi kwa kuchimba mizizi yake, na mizizi haisemi kitu. Unaangalia ni nani anasema, anamwambia nani, na yule anayeambiwa anafanya nini akilisikia. Yeye akisikia "dili" huwa anavuka barabara.

Nikamuuliza basi niseme nini. Nilitaka orodha, mnanijua. Akasema, "Kama ni lazima kutaja, sema mtu mwenye ualbino. Lakini mara nyingi si lazima. Ukisema golikipa wetu, si watu wanajua ni nani?"

Akaniambia pia kwamba ana rafiki mwingine anayejiita albino waziwazi, amejiandika hivyo hata kwa akaunti zake, na hana shida. "Ni yeye amejiita. Wewe hujamuita." Kwa hivyo msinitumie ujumbe wa "lakini namjua mmoja hajali". Huyo mmoja amejichagulia. Hajakupa kibali cha kumuita mwingine.

Tukaongea vitu vingine pia. Hatukukaa tukilia, msidhani. Alinikumbusha goli nililokosa hatua mbili kutoka kwa nyavu. Akatoka ndani na chai. Mathe wake akanisalimia, akaniuliza mathe wangu anaendeleaje, akasema nimekonda. Hakutaja video. Sijui kama alijua. Hiyo ilinichoma kuliko angenigombeza.

Halafu wakati naaga, ameshika geti, akaniuliza swali. Akasema, "Tulicheza miaka sita. Jina langu la pili ni nani?"

Nikasimama. La kwanza nililijua, kwa sababu mathe wake alikuwa analiita kutoka kwa geti. La pili sikulijua. Na nikakumbuka hata hilo la kwanza sikuwahi kulitumia. Hata mara moja. Miaka sita ya "Mzungu, daka". Nilikuwa najua kumtaja kwa Kireno na kwa Kiaislandi, nchi ambazo sijawahi hata kupaa juu yake, na sikujua jina la mtu aliyenikingia magoli.

Watu wanasema "mzungu" inatokana na kuzunguka, mtu asiyetulia mahali, mgeni. Yeye amezaliwa Jamhuri. Amekaa Jamhuri kuliko mimi, sisi tulihama. Na sisi ndio tulimuita mgeni.

Mnajua Mumbi Ngugi? Alifanywa jaji wa Mahakama Kuu 2011 na Mahakama ya Rufaa 2021. Ana ualbino. Isaac Mwaura aliingia bunge 2013. Goldalyn Kakuya aliongoza KCPE nchi nzima 2017 na alama 455. Nimewataja hao kwa majina kwa sababu majina yao yako wazi kwa kila mtu, na kwa sababu nilitaka muone kitu: ukisema "Jaji Mumbi", sentensi imekamilika. Hakuna kinachokosekana. Kwa Wakikuyu, Mumbi ni jina la mama wa kabila zima.

Wengine mtasema nimekuwa laini, kwamba siku hizi huwezi kutania mtu. Mnaweza. Yeye mwenyewe alinitania mpaka nikakosa raha, ile stori ya goli ameirudia mara tatu. Lakini ananitania kuhusu kitu nilichofanya, na ananiita jina langu akinitania. Mnaona tofauti? Mimi nilichukua kile ambacho hakukichagua, nikakipa biti, nikawapa watoto wa ploti yake waende nacho nyumbani.

Kwa hivyo hivi ndivyo nafanya. Ile sehemu ya maneno itarudi, lakini neno linalohusu watu halitatoka kabla sijaongea na hao watu. Kama una ile sauti yangu kwa simu ama kwa akaunti yako, nakuomba uitoe. Siwezi kukulazimisha. Nakuomba. Na yule wa "dili", nilikuondolea ule moyo, nikakuandikia, hukunijibu. Kama unasoma hapa, bado nangoja.

Wiki iliyopita nilienda tena. Yule mtoto wa miaka mitano alikuwa kwa ngazi na kitabu chake cha hesabu. Niliposhuka aliniangalia akaanza mabega, akanijua, akataka kunifurahisha. Nikachuchumaa nikamwambia ule wimbo umeisha, nilikosea. Akaniuliza, "Sasa tumuiteje?"

Nikamwambia jina lake. Mtoto akalirudia polepole, akaona ni refu kidogo, akalirudia tena.

Nilikuwa nataka kulimalizia hapa, nilimuomba. Amesoma hii yote kabla yenu, akasahihisha vitu viwili, akasema ni sawa itoke. Lakini jina alikataa nisiliweke. Alisema wanaohitaji kulijua wanaishi karibu naye, na wanaweza kumuuliza.